Bahasha za Shangazi

Haya, sogea karibu nikutegee. Nimekufa, nimezikwa, majani yameota juu yangu, na kila mwezi bado nakatwa kodi. Mimi nani?

Usiniambie tajiri wa majumba ya kupangisha, maana huyo hata akiwa hai hakatwi. Na usiniambie mzimu, mzimu hauna namba ya mlipakodi. Kitendawili hiki kiliingia chenyewe kwenye kompyuta ya ofisi ya kodi, wakubwa wakakikodolea macho mpaka chai zikapoa. Walipokuwa tayari kutoa mji, mmoja akasema, "Mpeni Sindano."

Sindano ndilo jina alilopewa na wenzake kazini, kwa kuwa alipopenya yeye, uzi ulifuata. Alikuwa mpelelezi wa kodi, mwanamke mwembamba wa makamo, mwenye viatu vya raba visivyotoa sauti na goti moja lililokuwa likimsumbua siku za mawingu. Siku hiyo mawingu yalikuwa yametanda.

"Leo jioni," mkuu wake alimwambia, "faili hili ama lifungwe, ama liende polisi. Sitaki maiti kwenye kompyuta yangu."

Maiti mwenyewe watu walimwita Shangazi. Hakuwa shangazi wa yeyote kwa damu. Alikuwa mmoja wa Wenye Vigoda, kikundi cha watu wanaojitolea kukaa na wagonjwa wasio na ndugu, kwenye jengo la nyuma la hospitali kongwe. Kazi yao ilikuwa kukaa tu: kumshika mtu mkono, kumlisha kwa kijiko, kusikiliza hadithi ile ile kana kwamba ni mpya.

Sindano aliwakuta kwenye stoo ya mashuka. Mhazini wa kikundi, mshonaji mstaafu mwenye miwani iliyofungwa uzi, alikuwa amekaa katikati ya mashuka kama kuku anayeatamia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kalia kigoda hicho. Hicho kingine kitakuaibisha."

Sindano akakalia kilichoonyeshwa, akafungua mkoba.

"Mama, Shangazi amefariki?"

"Amefariki. Nilimfumba macho kwa mikono hii."

"Na kila mwezi unaleta kodi yake."

"Naleta."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu kila mwezi bado anakaa."

Kalamu ya Sindano ilisimama juu ya karatasi. Nje, mlango fulani ulijifunga wenyewe, ukajifungua tena polepole.

"Usiujali huo," Mhazini alisema. "Bawaba zimechoka."

"Shangazi anakaa na nani?"

"Na Fundi Saa. Chumba cha mwisho, ukumbi huu huu."

Akaeleza. Fundi Saa alikuwa mtengenezaji wa saa mpaka macho yalipozimika. Mke hana, mtoto hana. Alizoea kukaa na Shangazi peke yake, na Shangazi mwishoni alikuwa amekatika sauti kwa maradhi ya koo, basi walikuwa wakishikana mikono tu, kimya, kama watu wanaosikiliza redio moja. Shangazi alipokufa, mzee akafunga mdomo. Hakula kwa mkono wa mtu mwingine. Wenye Vigoda wakakubaliana: mmoja atavaa aproni ya Shangazi, atashika mkongojo wake, atajipaka mafuta ya karafuu kama yeye, ataingia bila kusema neno.

"Akala?"

"Akala. Akasema, 'Shangazi, umechelewa.'"

Sindano aliandika neno moja, akalipigia mstari.

"Sasa turudi kwenye pesa. Posho yenu ni ya nauli?"

"Zamani ilikuwa nauli. Ukileta tiketi unarudishiwa ulichotoa. Nyie wenyewe mlikuja mkatufundisha kwamba cha kurudishiwa hakikatwi kodi. Lakini tiketi zikawa zinapotea, wengine wanakuja kwa miguu, ugomvi kila siku. Tukasema kila zamu bahasha moja, sawa kwa wote, aje na basi aje na ungo."

"Hapo haikuwa nauli tena."

"Hapo mkasema ni kipato, hata kama kinatosha sabuni na chumvi. Tukasema sawa, serikali nayo inafua. Nakata kabla sijaifunga bahasha."

"Na anayepokea anaweka sahihi wapi?"

Mhazini akamtazama kama aliyeambiwa apike bila moto.

"Sisi hatupokezani, mwanangu. Ukimpa mtu mkononi, umemlipa. Ukimtilia kwenye mfuko wa aproni yake mwenyewe hayupo, umemshukuru. Aproni zetu ziko kwenye misumari pale ukumbini, kila mtu na msumari wake. Aproni ikivaliwa, natia bahasha. Ndivyo tulivyoanza, ndivyo tulivyo."

"Na inayovaliwa ikiwa ya Shangazi?"

"Natia kwa Shangazi. Na kodi nakata kwa jina lake. Ningeandika nani?"

"Aliyeivaa, mama."

"Aliyeivaa hakuja kwa jina lake. Amemwazima Shangazi miguu tu. Tangu lini miguu ikapewa bahasha ya mwenye safari?"

Sindano alikuwa amehoji wafanyabiashara waliozoea uongo kama kikohozi. Huyu hakuwa mmoja wao. Mwizi hakati kodi ya alichoiba. Akishaiba, shida yake ni kwamba serikali isijue. Hapa serikali ilikuwa imeletewa taarifa mpaka mlangoni. Lakini alijua mkuu wake atasema nini: hiyo ndiyo kinga ya mwerevu.

"Bahasha hizo za Shangazi ziko wapi?"

"Zinaondoka."

"Zinaondoka na nani?"

Mhazini alivua miwani, akaifuta kwa pindo la shuka, akaivaa tena.

"Hilo hatujawahi kuulizana."

"Basi nisikilize vizuri. Nikimpata aliyezichukua, na si wewe, hili ni kosa la jina. Nalisahihisha kwa karatasi moja. Nisipompata, wewe umeandika mtu aliyekufa na pesa haionekani. Utapelekwa mahakamani, na kikundi kitatolewa hospitalini kesho asubuhi."

"Na hao walioko vyumbani watakaa na nani?"

"Hilo halimo kwenye faili."

"Mh," Mhazini alisema. "Faili fupi hilo."

*

Ukumbi ulikuwa mrefu na mwembamba. Taa moja tu ndiyo iliyowaka, nayo ilikuwa inakonyeza. Aproni za kijani zilining'inia ukutani kwa mstari kama watu waliotundikwa bila vichwa, na ya mwisho kabisa, jirani na mlango wa Fundi Saa, ilikuwa ya Shangazi. Sindano alitia mkono mfukoni mwake. Hakukuwa na kitu, isipokuwa baridi na harufu ya karafuu. Chini ya msumari, rangi ya ukuta ilikuwa imechujuka, mstari mmoja laini usawa wa kiuno. Vitoroli vya dawa, alijiambia, akapita.

Kinyozi, mwingine wa Wenye Vigoda, alikuwa akimsubiri kwenye benchi, jitu la miraba minne, sharubu kama ufagio.

"Mimi ndiye Shangazi wa Jumatano," alisema, akanyoosha mkono.

"Na hizo sharubu?"

"Fundi Saa haoni, dada. Na Shangazi hakuwa mtu wa kubusu." Akacheka, kicheko kikarudi kutoka mwisho wa ukumbi kikiwa chembamba zaidi, akanyamaza. "Mafuta ya karafuu yamenikolea mpaka wateja wangu wananiuliza nimeng'oa jino gani."

"Bahasha ya zamu yako umewahi kuichukua?"

"Si yangu."

"Swali langu umelisikia."

"Sijaichukua. Naapa kwa wembe wangu." Akasogea, akashusha sauti. "Ila nikwambie. Siku moja nilimwona Mhazini akiitia kwa macho yangu. Nikafunga mfuko kwa pini, ile ya kufungia nepi, nikaigeuza mdomo chini. Nikasema, kama ni mtu, ataiacha wazi au ataigeuza. Nilipokuja zamu nyingine nikakuta pini imefungwa, mdomo chini vilevile. Nikaifungua. Mfuko mtupu."

"Ukamwambia nani?"

"Nimwambie nani? Kila mtu hapa anaipita ile aproni kwa kukaza mwendo. Yule mama alikuwa mtu wa watu, lakini hata mtu wa watu akishazikwa, unataka abaki huko."

Sindano aliandika *pini*. Kisha akauliza swali la kawaida la kazi yake: ni nani mwenye ufunguo? Lango la ukumbi lilifungwa saa za kuona wagonjwa zikiisha, na ufunguo ulikuwa kwa mtu mmoja. Sista mkuu.

Alimkuta akivua saa yake ya kifuani, amekunja uso kama bahasha ya madai.

"Zamu yangu imekwisha," Sista alisema kabla hajaulizwa.

"Sitakuchelewesha. Nani huingia ukumbini lango likishafungwa?"

"Mimi."

"Na nani mwingine?"

"Mimi ndiye lango. Unataka kuuliza kama nachukua bahasha za marehemu? Uliza."

"Unachukua?"

"Nina mshahara, bibie, nao mnaula nusu kabla sijaunusa. Nikaibe ya maiti ili mnikate na hiyo?" Akachukua pochi yake. "Nina pa kwenda."

Akapita kwa kasi, viatu vikigonga. Sindano alibaki amesimama, pua juu. Nyuma ya Sista kulikuwa kumebaki harufu, hafifu, ya karafuu.

Ufunguo. Harufu. Hasira. Wapelelezi wengi wangefunga daftari hapo na kwenda kunywa chai. Sindano alirudi ukumbini, amwite Mhazini na Kinyozi awaulize jambo moja tu: je, Sista amewahi kuonekana karibu na ule msumari?

Hakuwahi kuuliza. Walipofika wote watatu mwanzo wa safu ya aproni, taa ilikonyeza, ikazimika, ikarudi. Na msumari wa mwisho ulikuwa mtupu.

"Nani yuko zamu?" Sindano aliuliza.

"Hakuna," Mhazini alisema. "Leo ilikuwa yangu. Wengine wote huja asubuhi."

"Nani ana mkongojo?"

Kinyozi alikuwa ameanza kusikia.

*Ko.* Kimya. *Ko.* Kisha kuburuza, kama mguu unaoombwa uje na unakuja kwa shingo upande. *Ko.*

Mhazini alimshika Kinyozi mkono. Kinyozi, na miraba yake minne, alimshika Mhazini.

Upande wa pili wa ukumbi, mahali ngazi za nyuma zinapoingilia, mtu alitokea amewapa mgongo. Aproni ya kijani. Bega moja chini. Hakugeuka. *Ko*, akafika mlango wa mwisho. *Ko*, akaingia.

"Ni mwendo wake," Kinyozi alinong'ona. "Mimi najaribu kila wiki, sijawahi kuupata hivyo."

Sindano akaenda. Goti lilimuuma, lakini viatu havikusema kitu. Akachungulia.

Fundi Saa alikuwa amekaa kitandani, mzee mkavu, uso ameuelekeza dirishani. Kwenye kigoda, aliyevaa aproni alikuwa amemshika mkono.

"Umechelewa, Shangazi," mzee alisema.

Yule mtu akageuza kichwa taratibu kuelekea mlangoni. Alikuwa Sista. Akaweka kidole mdomoni.

*

"Nilimuuguza Shangazi mpaka mwisho," Sista alisema baadaye, ukumbini, akiitundika aproni. Uso wake ulikuwa umelainika na ulikuwa umeloa. "Nitashindwaje kutembea kama yeye? Siku wenzangu mkikosa, nakaa mimi. Leo nilijua mko mikononi mwa huyu. Kanuni ya hospitali inasema mwenye mshahara hajitolei kazini kwake, ndiyo maana sikusema. Bahasha sijaigusa hata moja."

"Unaona sasa?" Kinyozi alimwambia Sindano. "Tumebaki na nani? Tumebaki na mwenyewe."

"Mama," Sindano alimgeukia Mhazini, "aproni imevaliwa. Fanya unavyofanya siku zote."

Mhazini alitia bahasha mfukoni. Karatasi ilichakarika, sauti ndogo, lakini katika ukumbi ule ilisikika kama mtu anakanyaga majani makavu. Sindano akafunga mfuko kwa pini ya Kinyozi, mdomo chini. Akawarudisha wote stoo. Yeye akachukua kigoda, akakiweka kwenye pembe ya ukuta, akakaa.

Jioni ilikuwa ikiingia kwa madirisha ya juu, rangi ya maji yaliyofuliwa nguo. Mahali fulani mgonjwa alikohoa, akaacha. Mlango wa bawaba zilizochoka ukajifunga, ukajifungua. Aproni zilitikisika kidogo, moja baada ya nyingine, kama zinaambizana.

Kisha kwenye ukingo wa mlango wa mwisho vilitokea vidole.

Vidole tu kwanza, vyembamba, virefu. Vililala ukutani, vikatambaa. Ukaja mkono, ukafuata mstari ule ule uliochujuka, kama maji yanavyofuata mfereji wake, bila kupapasa, bila kukosea. Vitoroli vya dawa! Sindano akauma mdomo. Hakuna kitoroli kinachoishia kwenye msumari.

Mkono ulifika kwenye aproni. Ukashuka mfukoni, ukakuta pini, ukatulia juu yake kama daktari anayesikiliza mapigo. Vidole viwili vikaifungua. Bahasha ikatoka bila kuchakarika. Vidole vikairudisha pini, vikaigusa mara moja kuhakikisha, mdomo chini. Mkono ukarudi ulikotoka.

Ndipo sauti ikasema kutoka chumbani, "Ingia, mwanangu. Viatu vyako havisemi, lakini goti lako linalalamika."

Sindano akaingia. Fundi Saa alikuwa amesharudi kitandani, bahasha juu ya mapaja.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Wewe ndiye wa kodi. Nimekusikia tangu mchana, unaandika kama kuku anayedonoa."

"Nyingine ziko wapi, babu?"

Akapigapiga mto wake. "Foronya hubadilisha, mto hawabadilishi. Fungua mshono wa pembeni. Taratibu, sufi itakuingia puani."

Sindano akatia mkono ndani ya sufi. Akatoa bahasha, na nyingine, na nyingine, zimebanwa bapa kwa uzito wa kichwa. Akazigeuza moja moja kwenye mwanga wa dirisha. Zote zilikuwa zimefungwa bado kwa gundi ya Mhazini. Hakuna iliyofunguliwa.

Alikwenda mlangoni, akawaita waliokuwa stoo. Walikuja wamebanana. Mhazini alipoona kile kirundo juu ya kitanda, akakaa kwenye kigoda cha Shangazi bila kujua amekaa.

"Huyu mama anapelekwa wapi?" Fundi Saa aliuliza.

"Hapelekwi popote," Sindano alisema. "Pesa ipo yote. Haijamfikia mtu, na isiyomfikia mtu si kipato. Jina litasahihishwa, na kodi mliyolipa mtarudishiwa."

"Irudishwe kwa nani?" Kinyozi aliropoka. "Kwa Shangazi?"

Mhazini alimpiga kofi la paja, kisha akaangua kilio na kicheko kwa pamoja. Sista alimshika bega. Halafu, kama mtu aliyekumbuka jiko limewaka, Mhazini akanyamaza, akamtazama mzee.

"Fundi. Shangazi..."

"Shangazi alikufa siku mvua ilipoanza," Fundi Saa alisema. "Nilisikia mnavyomtoa."

Akakaa sawa kitandani.

"Nimefungua saa maisha yangu yote. Unaweza kuibadilisha saa uso, mkanda, kila kitu. Mwendo wake ni ule ule. Kinyozi, wewe mkongojo wako unafika kabla ya mguu. Mhazini, wewe unahema kwanza ndio unagonga. Sista anapatia, lakini analia, na machozi yake yananidondokea mkononi. Shangazi hakuwa mtu wa kulia."

"Na ukatuacha?" Mhazini aliuliza. "Ukawa unatwambia tumechelewa?"

"Si mlikuwa mnachelewa kweli?"

Sindano alikuwa ameandika karibu yote. Ilibaki nafasi moja chini ya karatasi, ile ya sababu, na faili lisilo na sababu mkuu wake angelitupa dirishani. Akainama karibu na mzee.

"Babu, nimeshajua ni nani. Nataka kujua kwa nini. Hukuzifungua, hukuzitumia, hukuwarudishia. Ulizichukua za nini?"

Fundi Saa alinyoosha ile bahasha ya leo kwa kidole gumba, pembe moja, pembe nyingine. Mlango wa bawaba ulijifunga, ukajifungua. Sindano alidhani hatajibiwa, akaanza kukunja karatasi.

"Siku ya kwanza walipokuja kwa miguu ya marehemu," mzee alisema, "nilisikia bahasha ikitiwa mfukoni. Nikasema, aa, kumbe wanalipwa kunidanganya. Na mtu wa kulipwa namjua: mkatie malipo, ataacha kuja. Basi nikawa nazichukua, nimsikie nani atakuwa wa kwanza kuacha." Akageuza uso kuelekea mlangoni, walipokuwa wamesimama wote. "Mpaka leo bado namsubiri huyo wa kwanza."